Mezani kwa Karani: Siku Moja ya Mvua

Juma hili nilikusudia kuwaandikia habari za vitabu vya ubatizo, na jinsi majina yanavyopotea kwa kuandikwa ovyo. Habari hiyo itangoja. Limetokea jambo katika kiwanja cha kanisa letu ambalo sina budi kuwaeleza, na mkilisoma hata mwisho mtaona ya kuwa silielezi ili nijisifu.

Ilikuwa Ijumaa jioni, masika yamekwisha kushika. Yapata saa kumi na mbili likaingia gari aina ya Land Rover, kuukuu, matope mpaka madirishani. Akashuka mzee mmoja, na mkewe, na wajukuu wao wawili, mvulana wa miaka kumi na miwili hivi na dada yake mdogo. Mzee akanisalimu kwa adabu, nami nikampa shikamoo yake. Akaniomba mahali pa kusimika hema usiku mmoja tu.

Nilipiga simu kwa mchungaji, ambaye alikuwa safarini, naye akakubali. Nikawapa nafasi kwenye majani, mbali na miti, kwa maana matawi makavu huanguka mvua ikinyesha. Nikawaambia pia kwamba ukumbi uko wazi, wanaweza kulala ndani. Mzee akacheka, akasema, "Ahsante, Bwana Karani, lakini hawa wajukuu nimewaahidi hema kutoka Tunduma hata tutakaporudi Tunduma. Mzee akivunja ahadi, mtoto atajifunza kwa nani?"

Basi nikajua kwamba hii si safari ya kawaida. Babu huyu, ndivyo nitakavyomwita hapa, alikuwa dereva wa malori miaka 31. Alianza mwaka 1974, na barabara aliyoijua kuliko zote ni ile ya zamani iliyoitwa Barabara Kuu ya Kaskazini, itokayo Tunduma kupita Mbeya, Iringa, Dodoma, Kondoa, Babati na Arusha, kisha Namanga. Baada ya kustaafu alitaka wajukuu wake waione barabara iliyomlisha baba yao. Walikuwa na siku tisa njiani. Walikwisha kuona michoro ya kale ya miambani huko Kolo, wilaya ya Kondoa, ambayo tangu mwaka 2006 imo katika orodha ya urithi wa dunia. Walikwisha kulala karibu na ziwa la Babati. Na pale Arusha mjini walisimama kwenye mnara wa saa, mahali ambapo watu husema ni nusu ya njia kati ya Cape Town na Kairo.

Babu alikuwa na daftari. Kila siku ya safari ilikuwa na mstari wake, na kila mstari jina la mahali pa kulala. Jumamosi, Same. Jumapili, Lushoto. Jumatatu, Tanga. Mimi ni karani, nilisomea ualimu, na daftari lililopangwa vizuri hunifurahisha. Nikamsifu. Mkewe hakusema neno, alikuwa akikamua soksi za watoto.

Usiku ule mvua ilinyesha bila kupumzika. Alfajiri nikamkuta Babu ameshakunja nusu ya hema, amelowa chepechepe. Watoto walikuwa wamekaa garini, meno yanagongana. Hapo mzee wa kanisa anayetunza kiwanja chetu akaja na mwavuli wake, akasema, "Mwenzangu, usiende. Korongo limejaa."

Babu akajibu, "Mimi nimevuka mito isiyokuwa hata na jina."

Yule mzee wetu hakubishana naye. Alimwambia tu, "Twende ukaone." Wakaenda, nami nikafuata. Tulipofika, mvua ilikuwa imepungua sana, na Babu akasema maji yatapungua nayo. Mzee wetu akachukua kijiti, akakichomeka ukingoni, mahali maji yalipofika. Kisha akaanza kuuliza habari za Tunduma, mahindi yameuzwaje, na wajukuu wasoma darasa la ngapi. Kabla Babu hajamaliza kujibu, kijiti kilikuwa kimezama.

"Maji haya si ya hapa," mzee wetu akasema. "Ni ya mlimani. Huku chini mvua yaweza kukatika, huko juu Meru inamwaga. Sisi tunaletewa tu."

Wasomaji, ninyi mkaao chini ya mlima mwalijua jambo hili, lakini wageni hawalijui. Meru ina kimo cha zaidi ya mita 4,500, na maji ya upande wetu huu huteremka kwa haraka hata mto Kikuletwa, kisha bwawa la Nyumba ya Mungu, na mwisho Pangani na bahari. Korongo lililokuwa kavu asubuhi laweza kuwa mto saa sita mchana, na jua linawaka. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 60 tu huweza kuyabeba magari mengi. Na dereva haoni kina, huona rangi ya matope.

Tukarudi. Babu alikuwa bado na shingo ngumu, akaanza kutafuta njia nyingine katika ramani. Ndipo mkewe akasema maneno ambayo sitayasahau. Alisema kwa upole, bila kuacha kazi ya mikono yake: "Baba, daftari lako lina mahali pa kulala kila siku. Nimelisoma lote. Halina siku hata moja ya kupumzika."

Babu akanyamaza. Akalifungua daftari, akalitazama, kama mtu anayetafuta kosa la hesabu. Kisha akasema, "Haya. Leo tunalala hapa hapa."

Siku ile ya mvua ilikuwa njema sana. Mke wangu alichemsha viazi na chai ya tangawizi, tukala pamoja ukumbini. Watoto wetu na wale wageni wakachimba vishimo vya bao barazani mahali palipokuwa na udongo mkavu, wakacheza kwa kokoto mpaka wakagombana, wakapatana, wakacheza tena. Bibi alishona vifungo vyote vilivyokatika tangu Mbeya. Na baada ya chakula Babu alilala usingizi wa mchana juu ya benchi la kwaya. Mjukuu wake akaninong'oneza, "Babu hajalala mchana tangu tutoke nyumbani."

Alipoamka alitusimulia. Zamani, kabla ya lami, masika yakikamata njia kati ya Kondoa na Babati, malori yalipangana, wala hakuna wa kwenda mbele wala nyuma. Mara moja alikaa siku nne. Siku ya kwanza madereva walitukana. Siku ya pili walichimba. Siku ya tatu mmoja akatoa unga, mwingine maharage, mwingine sufuria, wakawa kama ndugu. Leo barabara ile ya kutoka Dodoma hata Babati, kilomita 251, ni lami tupu, ilifunguliwa rasmi Aprili 2018. "Tulivuka kwa saa chache," akasema Babu, "na sikuzungumza na mtu hata mmoja."

Mimi nami nikatoa yangu, maana mwalimu hakosi la kusema. Nikawaeleza watoto juu ya Bibi Stella Court Treatt na mumewe, Meja Court Treatt, waliotoka Cape Town Septemba 1924 kwa magari mawili wakafika Kairo Januari 1926. Walichukua miezi 16, na sehemu kubwa ya kukawia kwao ilikuwa mvua na matope ya Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe. Nikawaeleza pia mashindano ya magari ya Afrika Mashariki yaliyoanza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika wakati wa Pasaka, yaani masika yenyewe. Mwaka 1963 magari 7 tu yalifika mwisho, na mwaka 1968 tena 7 tu. Magari ya nguvu, madereva hodari, na matope yakawashinda. Mvulana akauliza, "Sasa kwa nini hawakungoja mvua ikatike?" Babu akacheka sana, na mkewe zaidi.

Wasomaji, kama habari ingeishia hapa, ingekuwa habari tamu, nami ningewaambia tu kwamba haraka haraka haina baraka. Lakini haikuishia hapo.

Jioni baridi ilizidi. Wageni waliniomba jiko, wapikie uji barazani na kukaushia nguo za watoto. Nikaenda stoo, nikatoa jiko la mkaa la usharika, nikawapa na mkaa debe nusu. Niliwapa kwa furaha. Sikusema neno lingine. Kisha nikaenda ofisini kwangu kumaliza hesabu za sadaka, kwa maana mimi niliyekuwa nimemsifia Bibi yale maneno yake juu ya kupumzika, mwenyewe sikupumzika.

Yapata saa tatu usiku mke wangu akaja mlangoni, akauliza, "Jiko la wageni liko wapi? Barazani halipo."

Nikasema, "Wamelizima."

Akasema, "Jiko lililozimwa huachwa barazani. Nenda ukaone."

Nakiri kwamba nilinung'unika. Nilikuwa nimebakiza mistari mitatu. Nikaimaliza kwanza ile mistari mitatu, ndipo nikachukua tochi. Mistari ile bado imo kitabuni, na kila nikiiona moyo wangu hushtuka.

Hema lilikuwa limefungwa zipu yote kwa sababu ya mvua. Nilipiga hodi, nikapiga tena. Nikasikia mvulana anatapika. Nikafungua. Jiko lilikuwa katikati, makaa mekundu mazuri, bila moshi hata kidogo, na nguo za watoto zimetandazwa kando yake. Msichana alikuwa analia kichwa kinamuuma. Bibi alikuwa ameketi, anasema ni maharage ya mchana yamewadhuru, lakini maneno yake yalikuwa mazito kama ya mtu aliyelewa. Babu alikuwa amelala chali. Nilimwita mara tatu, akafumbua macho, akayafumba tena.

Nilipiga kelele. Mke wangu na mzee wetu wakaja mbio. Tukawatoa wote nje kwenye mvua, kisha barazani penye upepo. Mtoto wa yule mzee wetu, ambaye ni dereva, akachukua ile Land Rover, tukawapeleka kituo cha afya, ambacho kwa neema ya Mungu kilikuwa upande wetu wa korongo. Watoto na Bibi walipata nafuu usiku ule ule. Babu alipata fahamu sawasawa alfajiri. Mganga alituambia kwamba tulifika kwa wakati, wala hakuongeza neno, wala sisi hatukuuliza.

Sasa nisikilizeni, maana hili ndilo lililonifanya niandike.

Mkaa unapoungua mahali pasipopita hewa ya kutosha, hutoa hewa ya sumu ambayo wataalamu huiita kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Moshi hukufanya ukohoe na kukimbia, lakini hewa hii haikuonyi. Huingia mapafuni, na katika damu hushikamana na zile chembe nyekundu zinazobeba oksijeni, tena kwa nguvu iliyo zaidi ya mara 200 kuliko ishikavyo oksijeni yenyewe. Kwa hiyo mtu huvuta pumzi kama kawaida, na mwili wake unakosa hewa. Kwanza kichwa huuma, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, na miguu kulegea. Halafu huja usingizi, na usingizi huo ndio mlango wa mauti. Watoto wadogo, na mtoto aliye tumboni mwa mama yake, huumia zaidi.

Watu wengi hudhani makaa yakiisha kutoa moshi yamekuwa salama. Sivyo hata kidogo. Yale makaa mekundu mazuri ndiyo hutoa sumu kwa wingi. Wala kufungua dirisha kidogo hakutoshi, sembuse zipu ya hema.

Nilimuuliza Babu baadaye, mtu wa miaka mingi barabarani, imekuwaje? Akanijibu, "Bwana Karani, sisi zamani tulilala chini ya trela, moto kando yetu, na upepo wa Mungu unapita. Moto haukutudhuru hata siku moja. Sikujua kwamba hema hili la nailoni ni kama chupa." Basi si kila mzoefu aliyezoea jambo jipya.

Lakini mimi je? Hapa ndipo panaponiuma. Mimi nilisoma mambo haya chuoni, na nilipofundisha kwa muda nimewafundisha watoto wa watu. Nilipotoa jiko lile nilikuwa na neno moja la kusema, "Msiliingize hemani," nisiseme. Niliona haya kumfundisha mzee aliyenizidi umri. Na tena niseme kweli yote: mwezi wa Julai, mtoto wetu wa mwisho alipokuwa mchanga na baridi ya huku ikawa kali, sisi wenyewe tuliingiza jiko chumbani usiku kadhaa, tukafunga mlango. Niliamka kichwa kinauma, nikasema ni mafua. Watu husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mithali hiyo nimeisema arusini na misibani, lakini maana yake nimeijua juma hili.

Katika Matendo ya Mitume mmesoma jinsi Paulo alivyowaonya wenye merikebu wasiendelee na safari, maana majira yalikuwa yamekwisha kupita. Akida akamsikia nahodha na mwenye merikebu kuliko Paulo. Merikebu ikavunjika, lakini watu wote 276 wakaokoka, wakafika kisiwa cha Melita. Wenyeji wakawapokea kwa wema, wakawawashia moto kwa ajili ya mvua na baridi. Wakakaa kule miezi mitatu kabla ya kuendelea. Nimeisoma sura ile mara nyingi. Safari hii nimeona jambo ambalo sikuliona kwanza: moto ule uliwashwa nje, wenyeji na wageni wakiwa pamoja kuuzunguka. Wema wao haukuwa kutoa moto tu na kwenda zao kuandika hesabu.

Basi, ndugu wasomaji, nawapa maneno machache ya kuweka nyumbani. Kwanza, jiko la mkaa likae nje, au mahali palipo wazi pande zote, na usiku libaki huko huko. Nyumba ikiwa baridi, ongezeni mablanketi, mlale pamoja na watoto, wapeni soksi kavu. Pili, watu wawili au zaidi katika chumba kimoja wakiumwa kichwa au kutapika wakati mmoja, na moto umo ndani, msiseme ni chakula. Watoeni nje mara moja, kisha hospitali, hata wakisema wamepona. Tatu, asafiriye kwa hema masika asilale ndani ya korongo wala kwenye mteremko wenye udongo uliolegea. Maafa ya Katesh, chini ya mlima Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, ambapo watu zaidi ya 80 walikufa kwa tope lililoporomoka, yametufundisha kwa machozi. Nne, katika kila safari ndefu wekeni siku moja isiyo na mahali pa kwenda. Msiwaachie mvua na magonjwa kazi ya kuwapangia.

Jumapili wageni wetu walihudhuria ibada. Wakati wa matangazo Babu aliomba nafasi. Alisimama, akashika benchi, akasema, "Mimi nimeendesha gari miaka 31 na sijawahi kuua mtu. Jana usiku nilikaribia kuua wanne, nikiwa nimelala." Akaketi. Kanisa zima likanyamaza. Nadhani hotuba hiyo fupi imefanya kazi kuliko tangazo lo lote nililowahi kulisoma, kwa maana jioni ile nilipopita njiani niliona majiko nje ya nyumba nyingi, yamefunikwa kwa mabati.

Waliondoka Jumanne, maji yalipokuwa yameshuka. Babu alinionyesha daftari lake. Lushoto na Tanga alikuwa amezikata kwa mstari, na mahali pake ameandika: Kikwe, siku nne. Mjukuu wake alisema hakusikitika, ila ataka kurudi kumalizia mchezo wa bao aliokuwa anashinda. Mwanangu anasema hakuwa anashinda.

Nami nimefanya jambo la kikarani. Katika kitabu cha vifaa vya usharika, penye safu ya jiko, niliandika zamani tarehe na jina la mwazimaji tu. Sasa nimechora safu nyingine pembeni, juu yake nimeandika: "Ameambiwa?" Halitoki stoo mpaka safu hiyo imejazwa.

Kaeni salama, na kavu kadiri mjaliwavyo. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza habari za vitabu vya ubatizo.